Kijana Aliyeachiwa Kitabu

Msafara wa Henry Morton Stanley ulipofunga mizigo kuondoka Buganda mwaka 1875, mtu mmoja aliachwa nyuma kwa makusudi. Aliitwa Dallington Maftaa. Alikuwa kijana mdogo aliyesoma Kiungani, Unguja, na kazi aliyoachiwa ilikuwa kumsomea Biblia Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme ambaye neno lake moja lilitosha kumwondoa mtu duniani. Kwa njia ya misafara, misheni ya karibu ilikuwa Bagamoyo, mwendo wa miezi. Maftaa hakuwa na daraja lolote la kanisa. Alikuwa na kitabu, alijua kusoma, na alijua Kiswahili ambacho Kabaka alikielewa.

Historia za kanisa katika nchi zetu kwa kawaida huanza na majina ya wageni: Krapf na Rebmann kule Rabai, Horner Bagamoyo, Mackay na Lourdel Buganda. Majina hayo yanastahili heshima yake, maana wengi wa hao waliacha mifupa yao huku. Lakini kila ninaposikia katika vikao vya kanisa kwamba vijana wa siku hizi wamepoa, kwamba habari za uinjilisti wamewaachia wazee, moyo wangu hurudi kwa Maftaa. Nataka kuisimulia habari yake na ya wale waliomfuata, kwa sababu naamini ndani yake kuna tumaini ambalo tumelisahau.

Tuanze alikotoka. Agosti 1864 Askofu William Tozer na Dk. Edward Steere waliteremka Unguja wakiwa viongozi wa misheni iliyokwisha kushindwa mara moja. Misheni hiyo, iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Ilijaribu kwanza kukita Magomero, katika nchi inayoitwa Malawi leo, na askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, akafa kwa homa Januari 1862 kabla hajatimiza mwaka mmoja huko. Tozer aliona afadhali kuanza upya pwani. Wakaja Unguja wakiwa hawana muumini hata mmoja mwenyeji.

Wanafunzi wao wa kwanza hawakuwapata kwa kuhubiri. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Watoto hao hawakuwa na baba wala mjomba mjini, hawakuwa na ukoo wa kuwauliza habari zao, na yumkini kila mmoja alikuwa na lugha yake. Mtu angeweza kuwaona kama mzigo wa kulishwa na kuvishwa tu. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi. Mwaka 1870, miaka sita tu baada ya kutolewa jahazini, Swedi na mwenzake George Farajallah waliwekwa kuwa mashemasi wadogo. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi aliendelea, na mwaka 1879 akapewa ushemasi kamili.

Naomba msomaji atue kidogo hapo kwenye miaka sita. Leo kijana anaweza kuimba kwaya miaka kumi na miwili bila kuombwa hata mara moja kufungua Maandiko mbele ya watu.

Shule ya wavulana iliwekwa Kiungani, nje kidogo ya mji, karibu na bahari. Idadi ya wanafunzi ilizidi kila meli za doria za Waingereza zilipokamata jahazi jingine. Walifundishwa kusoma na kuandika, wengine wakafundishwa kupiga chapa, na kwa muda wote huo Steere aliwatumia wao, pamoja na wanazuoni Waislamu wa mjini, kama walimu wake wa lugha. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Alitafsiri pia Injili. Nikifungua Biblia ya Kiswahili siku hizi, huwa nafikiri kwamba sehemu ya kazi ile ilifanyika kwa bwana mmoja kumuuliza mtoto wa Kiyao au Kinyasa: hili nyinyi mnaliitaje? Na mtoto, ambaye mwaka juzi tu alikuwa amefungwa kamba shingoni, akajibu.

Ndipo alipolelewa Maftaa. Stanley alipopita Unguja mwaka 1874 kutayarisha safari yake kuu ya kulikata bara, alichukua vijana wa misheni wawili watatu kuwa watumishi wake. Hawakwenda kuhubiri. Walikwenda kubeba bunduki, kuandika hesabu na kutafsiri. Aprili 1875 msafara ulifika kwa Mutesa.

Kabaka alikuwa mtu wa akili nyingi na maswali mengi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekuja katika baraza la baba yake, Suna, tangu miaka ya 1840, na pamoja na nguo na bunduki walileta Kiswahili na Uislamu. Mutesa alifunga Ramadhani miaka kadhaa, alijua kusoma herufi za Kiarabu, na wengi wa vijana wa ikulu yake walisilimu kwa moyo wote. Haki inanitaka niseme jambo ambalo sisi Wakristo hulipita haraka: mwaka 1876, miaka kumi kamili kabla ya mashahidi Wakristo wa Namugongo, makumi ya vijana Waislamu wa ikulu waliuawa kwa amri ya Mutesa kwa sababu walikataa kuacha masharti ya dini yao. Vijana wa Buganda walijua kufia imani kabla hata mmisionari hajafika.

Stanley alizungumza na Mutesa juu ya Musa na Yesu, na Amri Kumi zikaandikwa ubaoni ili Kabaka azisome. Maftaa akawa mkono wake katika kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili. Stanley akaandika ile barua yake mashuhuri ya kuwaita wamisionari waje Buganda, iliyochapishwa London Novemba 1875, na kwa siku chache tu fedha zikamiminika. Lakini barua ni barua. Wamisionari wenyewe walifika tarehe 30 Juni 1877. Katika muda wote huo, karibu miaka miwili, sauti ya kanisa katika ikulu ya Mutesa ilikuwa ya kijana mmoja wa Kiungani.

Alifanya nini siku hizo zote? Tunajua alimsomea Kabaka. Tunajua pia alimwandikia barua zake za Kiingereza, na kwamba wamisionari hao, Luteni Shergold Smith na Kasisi C. T. Wilson, walipokuwa bado kusini mwa Ziwa Viktoria, zilikuwa barua za Mutesa zilizotoka kwenye kalamu ya Maftaa zilizowahimiza waje upesi. Walipoingia barazani na barua ya chama chao ikasomwa, yeye ndiye aliyeifasiri kwa Kiswahili. Kabaka alifurahi hata akaamuru bunduki zipigwe. Baada ya hapo jina la Maftaa linafifia katika simulizi za misheni. Wakubwa walikuwa wamekuja, na mkalimani akarudi nyuma ya mlango. Simlaumu mtu kwa hilo. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda. Lakini mlango wenyewe aliufungua yeye.

Wamisionari waliokuja nao hawakuwa wazee. Alexander Mackay, fundi mitambo wa Uskoti, alikuwa na miaka 26 alipoondoka Uingereza mwaka 1876. Simeon Lourdel wa Mapadre Weupe alikuwa na miaka 25 alipofika Buganda Februari 1879. Kati ya wanane wa kundi la Mackay, Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe Desemba 1877, wengine wakafa kwa homa au wakarudishwa kwao na maradhi. Kuna kitu kimoja nampendea Mackay hasa: alikuja na mtambo mdogo wa kuchapa. Akawa anachapa karatasi za herufi, kisha sala, kisha vipande vya Injili, kwa Kiswahili na baadaye Kiganda, na vijana wa ikulu wakawa wanazigombea kama vile watoto wanavyogombea maembe ya kwanza ya msimu.

Katika Kiganda kitenzi *okusoma* kilikuja kubeba maana mbili kwa pamoja: kusoma, na kushika dini. Waumini wakaitwa wasomaji. Ukimwuliza mtu kama anasoma, ulikuwa unamwuliza kama anasali. Nani aliyekuwa na nafasi ya kusoma? Machifu walikuwa na mashamba, vita na fitina za baraza. Wenye muda, kiu na kumbukumbu nyepesi walikuwa wale wavulana waliotumikia ikulu, watoto wa koo kutoka kila upande wa nchi, waliopelekwa kwa Kabaka kujifunza utawala. Mchana walibeba maji, walilinda milango, walikimbia na ujumbe. Usiku walikaa kwenye vibanda vyao na karatasi moja iliyokunjwa mara nyingi, mmoja akisoma, wengine wakirudia.

Hapa kuna sura ya historia ambayo natamani kila kamati ya uinjilisti ingeijua. Mwishoni mwa 1882 Mapadre Weupe, kwa hofu ya usalama, waliondoka Buganda wote wakavuka ziwa kwenda kusini, upande wa Mwanza, wakaweka misheni Bukumbi. Walikaa huko mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri, hawakuwa na misa wala maungamo. Kwa hesabu za kawaida kikundi kichanga kama kile kilipaswa kutawanyika. Kinyume chake, kilikua. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyesimamia vijana katika nyumba ya Kabaka, aliwafundisha wenzake. Matia Mulumba na Andrea Kaggwa waliwafundisha majirani zao. Waliugua wakauguzana, na waliokaribia kufa waliwabatiza. Mapadre waliporudi walikuta watu wengi kuliko waliowaacha, na wengi wao hawakuwahi kumwona padri maishani mwao.

Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga alitwaa kiti akiwa naye kijana, wa miaka kumi na kitu, katika nchi iliyozungukwa na Wajerumani, Waingereza na Waarabu, kila mmoja akiikodolea macho. Alikuwa na sababu za kuogopa, na hofu ya mtawala kijana ni kitu kibaya. Tarehe 31 Januari 1885 wavulana watatu waliokaa na misheni ya Mackay, Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walichomwa moto kwenye bwawa la Busega. Lugalama alikuwa mtoto tu. Wakati fulani alikuwa mateka wa vita, misheni ikamkomboa. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda kwa njia ya mashariki. Balikuddembe alithubutu kumwambia Kabaka kwamba kumuua askofu lilikuwa kosa. Novemba 15 akauawa naye.

Kisha ikaja jioni ya tarehe 25 Mei 1886. Mwanga alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa, na alirudi kutoka kuwinda viboko akiwa hakupata kitu, akiwa na hasira. Akaita wahudumu wake, asiwaone. Alipouliza walikuwa wapi, ilijulikana kwamba Denis Ssebuggwawo, wa miaka kama kumi na sita, alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikkiro (waziri mkuu) mwenyewe. Ssebuggwawo alichomwa mkuki. Asubuhi yake akamaliziwa.

Usiku ule ndani ya ua wa ikulu kila mtu alijua kesho kutakuwa na nini. Karoli Lwanga, aliyemrithi Balikuddembe kama msimamizi wa vijana, hakuwa padri na hakuwa na askofu wa kumpa ruhusa. Aliwabatiza vijana wanne waliokuwa bado kwenye mafundisho: Kizito, Gyavira, Mbaga Tuzinde na Mugagga. Kizito alikuwa wa miaka kama kumi na minne. Asubuhi Mwanga akaamuru wanaosali wasimame upande mmoja, na wasiosali upande wa pili. Wakajitenga wenyewe. Wakafungwa, wakatembezwa mpaka Namugongo, wakawekwa siku kadhaa kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja. Mbaga alikuwa jamaa wa mkuu wa wauaji, Mukajanga, aliyembembeleza ajifiche tu, apone. Alikataa.

Wengi tunaijua habari hii tangu utotoni. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda kwenda Namugongo, wengine kwa wiki nzima na zaidi. Mashahidi Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Tunawapa heshima ya mashahidi, na ni haki yao. Lakini tumezoea mno kuwatazama wakifa, hata tunasahau kuwatazama wakifanya kazi. Ssebuggwawo alikamatwa akifanya nini? Alikamatwa akifundisha. Lwanga alifanya nini usiku wake wa mwisho wa uhuru? Alibatiza. Walikuwa wainjilisti kabla ya kuwa mashahidi, na hakuna mzee aliyewapanga zamu.

Kitu kingine hunigusa kila nikiziweka tarehe hizi sambamba. Julai 1886, mwezi mmoja baada ya moto wa Namugongo, wanafunzi 251 wa vyuo vya Marekani walikusanyika Mount Hermon, Massachusetts, kwa mafunzo ya Biblia ya likizo. Walipotawanyika, mia moja kati yao walikuwa wametia saini kwamba wako tayari kwenda misheni nchi za mbali. Vuguvugu lililozaliwa pale lilituma maelfu ya wahitimu ulimwenguni kwa miongo iliyofuata. Sidai kwamba wale wa Mount Hermon walikuwa wamekwisha kusikia habari za Kizito. Naona tu kwamba katika majira yaleyale, mabara mawili yasiyojuana, vijana walikuwa wakijitoa.

Baada ya Namugongo idadi ya wasomaji iliongezeka. Vita vya dini vikaja, Mwanga akapinduliwa mwaka 1888, akarudi. Mackay, aliyekwisha kufukuzwa kabla ya hapo, akafa kwa homa Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Lourdel akamfuata Mei mwaka huohuo. Nchi ikaingia mikononi mwa Waingereza. Miaka ile ina mambo ya siasa ambayo si ya kujivunia kwa upande wowote, na sitakaa hapo. Kilichofuata ndicho kikubwa: Waganda wenyewe walitoka. Mwishoni mwa 1893 kanisa la Anglikana lilipata mwamko wa kiroho, na walimu vijana wakaanza kupelekwa wawili wawili visiwani, Busoga, Toro, Ankole. Mapadre Weupe walipoingia Rwanda mwaka 1900, waliandamana na makatekista Waganda.

Kusini nako, upande wa Ruvuma, mambo yalikwenda vilevile. Mwaka 1876 Steere alitoka Unguja na watu hamsini na kadhaa waliokombolewa utumwani akawapeleka Masasi, wakaanzisha kijiji na kanisa. Kijana mmoja Myao wa Kiungani, Cecil Majaliwa, alipelekwa kusoma Canterbury, akapewa ushemasi mwaka 1886 na kutumwa Chitangali, kwa watu wa kabila lake. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kwa miaka kumi na kitu alikiongoza kituo cha Chitangali. Mtoto aliyeuzwa alirudi kuhubiri kwa watu wa lugha ya mama yake.

Lakini katika hao wote, moyo wangu uko kwa Apolo.

Alizaliwa yapata 1864, akiitwa Waswa Munubi. Alipitia Uislamu, uaskari, bangi na mambo mengine ya ujana. Jina la Kivebulaya alilipata kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kuvaa juu ya kanzu: maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Alibatizwa Januari 1895 akachukua jina la Apolo. Mwaka uliofuata alikwisha kuvuka Toro, akapita milima ya Ruwenzori, akateremka bonde la Semliki mpaka Mboga, nchi ambayo leo iko Kongo. Mtu wa mwaka mmoja katika ubatizo, akiwa na jembe, mkeka na Injili!

Chifu Tabaro wa Mboga hakumtaka. Alikataza watu wasimpe wala kumuuzia chakula. Kisha balaa likamshukia. Dada wa chifu alianguka juu ya mkuki wa Apolo akafa, na Apolo akashtakiwa kwa mauaji. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa kwa maofisa wa serikali upande wa Toro. Kifungoni aliota, au aliona, Kristo akimwambia asiogope, kwa maana yuko pamoja naye. Alipoachiwa alikuwa na haki zote za kurudi kwao Buganda akapumzike. Akarudi Mboga. Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa.

Kizazi kimoja baadaye, kijana mwingine Mganda, Blasio Kigozi, aliondoka kwao mwaka 1929 kwenda kufundisha Gahini, Rwanda, nchi iliyokuwa imetoka tu katika njaa kali. Alikuwa na miaka ishirini hivi. Gahini palikuwa na hospitali ya misheni na Dk. Joe Church, mwenye umri wa miaka kama thelathini. Church akafanya urafiki pia na kaka yake Blasio, Simeoni Nsibambi, na kikundi chao cha sala kikawa chanzo cha Uamsho wa Afrika Mashariki. Kigozi alipewa ushemasi. Aliona kanisa lake limelala. Aliandika mambo matatu ya kuupelekea mkutano mkuu wa kanisa Namirembe, akiuliza kwa nini watumishi wamepoa, kwa nini watu wasiotubu wanakaribishwa mezani pa Bwana, na nini kifanyike. Neno alilokuwa akilirudia kwa Kiganda ni *Zukuka*, yaani amka. Alikufa kwa homa Januari 1936 kabla ya mkutano. Alikuwa na miaka 26 au 27. Neno lake halikufa naye: vikundi vya Ndugu vilivuka mipaka, vikafika Kabete, Kenya, mwaka 1937, na Katoke, Tanganyika, mwaka 1939. Mpaka leo ukikaa na wazee wa Uamsho kule Kagera utasikia *Tukutendereza* ikiimbwa kabla ya salamu kuisha.

Sasa niseme linalonikaa rohoni. Nimekaa katika kikao cha usharika mmoja ambapo mpango wa mwaka wa uinjilisti ulijadiliwa saa tatu nzima. Vijana walitajwa mara mbili: kubeba viti, na kushughulikia spika na kamera. Kijana mmoja aliyemaliza chuo, anayeijua Biblia yake vizuri, aliuliza kama kikundi chao kinaweza kupewa mtaa mmoja usio na kanisa wakae nao mwaka mzima. Aliambiwa wasubiri wapate uzoefu kwanza. Niliumia, na nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kunaniuma mpaka leo. Uzoefu wa miaka mingapi alikuwa nao Swedi? Au Apolo, mwaka mmoja tangu kisimani?

Hata hivyo nina tumaini, na si tumaini la kujifariji. Kila likizo wanafunzi wa UKWATA na TAFES, vyama vya Kikristo vya wanafunzi Tanzania, wanapanda mabasi kwenda vijijini na magitaa yao, wanalala madarasani, wanapita nyumba kwa nyumba. Vyuo vya Kenya vina desturi hiyohiyo. Watoto wa Utoto Mtakatifu katika parokia za Kikatoliki hutoa vijisenti vyao kwa ajili ya watoto wa nchi wasizozijua. Wako wahitimu wa udaktari na ualimu wanaoomba kupangiwa wilaya ambazo wenzao wanazikimbia, na sababu yao ni Injili, ingawa hawaiandiki kwenye fomu ya maombi. Moto upo. Kinachohitajika ni wazee wanaojua kuacha: kumwachia kijana kitabu, mahali na watu, kisha kuondoka kweli.

Apolo alijua. Alipokuwa mzee, padri tangu 1903, aliingia msitu wa Ituri katika miaka ya 1920 kuwatafuta Wambuti, watu ambao hata majirani zao waliwahesabu si kitu. Aliketi nao, akajifunza maneno yao, akaanza kuitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kila alikopita aliacha walimu vijana, naye akasonga mbele. Mwanzoni mwa 1933 alijua moyo wake umechoka. Alitaka kufia Mboga. Kwa desturi ya Kiganda maiti hulazwa akielekezwa upande wa nyumbani. Apolo aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kwa sababu huko ndiko kazi ilikokuwa bado haijafika. Alikufa tarehe 30 Mei, na vijana aliowafundisha wakamzika hivyo.